Kisu cha Mtani Wangu

Niliwadanganya.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye sakafu ya ghala la barafu la ushirika wa wavuvi, pale Ufukoni. Fundi Abeid amelala chali, mkono wake wa kulia unanuka kuungua. Pembeni amesimama Kasiani, mtunza mashine, anarudia neno lilelile: "Hakikuwepo. Hakikuwepo." Nikawaandikia kwamba hadi leo hakuna ajuaye kile kisu kilikwenda wapi.

Barua zenu zimefika. Fundi cherehani mmoja wa Chikongola ameniandikia kwa wino mwekundu, mstari mmoja tu: "Dada Rozalia, wewe unajua. Sema."

Fundi cherehani, umenipata. Kisu kilikuwa mfukoni mwa gauni langu.

Kwa yule ambaye gazeti hili limemfikia leo likiwa limefungiwa samaki, nimpe habari kwa ufupi. Mimi ni Mngoni wa Peramiho. Mwaka sabini na mbili nilishuka Mtwara na stashahada yangu ya ufundi umeme, mwanamke peke yangu katika karakana ya wanaume kumi na wanne. Niliwekwa chini ya Fundi Abeid, Myao, mtu mfupi, mcheshi, mwenye miaka ishirini na miwili kwenye nyaya.

Wangoni na Wayao ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe, ukakikomboa kwa nazi au kwa kuku, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, chenye mpini mweusi. Fundi alikipata bandarini kwa fundi wa meli ya Kigiriki, kwa kubadilishana na kinyago. Ndani yake mlikuwa na karakana nzima. Wembe wa kukatia. Ulimi mfupi wenye pengo la duara, wa kumenyea waya bila kuijeruhi shaba yake. Bisibisi. Msumari wa kutobolea. Hata kifungua chupa, ambacho Fundi alikuwa akiapa kwamba hakijawahi kufungua kitu zaidi ya soda.

Mkiani kilikuwa na pete, na kwenye pete kamba ya kijani iliyosukwa kwa nyuzi za nyavu. Kamba hiyo aliisuka mkewe, Bi Tabu, mtu wa Mikindani.

Fundi hakumpa mtu kisu kile mkononi. Alikiweka mezani, nawe ukakiokota. "Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono," alisema. "Huleta ugomvi, na mimi na wewe tuna utani, hatuna nafasi ya ugomvi."

Sasa sikilizeni jambo lililomwangusha.

Karakana yetu iliomba kufuli za kufungia swichi kuu kwa miaka miwili. Jibu lilikuwa moja: hakuna. Basi Fundi Abeid akabuni sheria yake. Kabla ya kugusa waya, alishusha swichi kuu, akakitundika kisu chake kwenye mpini wa swichi kwa ile kamba ya kijani. Kisu kikining'inia, mtu yuko kwenye waya, usiguse. Kisu kikitoka, kazi imekwisha, pandisha.

Mji mzima wa mafundi uliijua sheria hiyo. Kasiani aliijua.

Mimi niliijua.

* * *

Siku mbili kabla ya ajali, Fundi alikuwa amenikamatia bakuli langu la ugali na kisamvu. Nilipotoka kunawa, nikalikuta limefungwa juu ya nguzo.

"Fundi, chakula changu!"

"Kiko palepale, hakijakimbia."

"Nitakifikiaje?"

"Babu zako walitupanda sisi vichwani, Mngoni. Wewe nguzo itakushinda?"

Wapagazi wa bandari walikusanyika. Nilivaa vyuma vya kupandia, nikapanda nikitukana kila hatua, nikala ugali wangu hukohuko juu, nikawatupia maneno hadi wakashika mbavu. Ulimi wangu haujawahi kukosa neno. Nilijivunia hilo kuliko stashahada.

"Myao, nitakulipa!"

"Mngoni alipe? Tangu lini? Ninyi mnachukua tu!"

Ilinichukua miaka kutambua kwamba siku ile alinipandisha nguzo mbele ya wanaume wote waliosema mwanamke hapandi. Siku ile nilifikiri kisasi tu.

Jumatano, saa nne kasoro, niliingia ghala la barafu. Fundi alikuwa juu ya dari, nyuma ya kuta nene za kuzuia joto, mahali ambapo hata ukipiga kelele husikiki. Kasiani alikuwa amekwenda kuchota mafuta ya mashine. Kisu kilining'inia kwenye swichi, kikizunguka taratibu.

Nikakitoa.

Sitajitetea kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilijiambia: nitasimama hapahapa mbele ya swichi mpaka ashuke. Mimi mwenyewe ndiye alama. Akishuka, nitamwambia, "Myao, nazi kumi, au leo umenye waya kwa meno."

Nilisimama. Labda dakika tatu.

Kisha Mwanahawa, mchuuzi wa samaki, akaniita kutoka mlangoni. "We binti fundi! Changu wangu wanaoza. Hiyo barafu inatengenezwaje hata ichukue wiki?"

Ningejibu, "Ngoja." Badala yake nilitoka nje. Nikaanza kuwaeleza wanawake wa samaki jinsi umeme unavyofanya maji yawe jiwe. Nikatia chumvi, nikatia mizaha. Wakacheka, nami nikaongeza. Kasiani alipita nyuma yangu na debe lake la mafuta, wala sikugeuka.

Nilikuwa katikati ya sentensi niliposikia kishindo.

* * *

Fundi Abeid hakufa. Madaktari walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu walikiacha kwa kukionea huruma.

Kisu nilikificha ndani ya gunia langu la unga. Kila nilipochota unga wa kupikia, mkono wangu ulikigusa.

Siku zile kila kosa liliketiwa kikao. Jumamosi asubuhi tulikaa karakana, juu ya magurudumu ya nyaya, na mbele yetu Bwana Emmanueli, msimamizi wetu, mtu wa Bukoba, mwenye daftari na kalamu tatu kifuani.

"Ndugu Kasiani, simama utueleze. Kwa ufupi."

Kasiani alisimama. Kofia aliikunja mikononi mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia vyombo.

"Mimi nimeingia. Nimeangalia swichi. Kisu hapana. Nimeita, 'Fundi! Fundi!' Kimya. Nimesema, basi, amemaliza. Nimepandisha."

"Kisu hapana? Kiliota mabawa?"

Watu wakacheka.

"Labda kimeuzwa," sauti ikasema nyuma. "Kisu cha meli kile. Ng'ambo wangekigombea."

"Ng'ambo ipi?"

"Kwani yeye alitokea wapi?"

Kicheko kikakatika.

Kasiani ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto pale Kilambo akiwa kijana, pamoja na mama yake, wakikimbia Wareno, na vita ya ukombozi ya ng'ambo ile ilikuwa bado inaendelea. Alikuwa na kadi ya ukimbizi, kazi ile, chumba kimoja, na mkewe Anna mwenye mimba ya miezi minane. Bila ile kazi, njia yake ilikuwa kurudi kambini. Na mtu wa ng'ambo akishukiwa kumpiga umeme fundi wa serikali, wakati wa vita, kambini nako hafiki. Anaulizwa kwanza maswali, na wanaouliza hawana haraka.

"Ndugu," Kasiani akasema, "Fundi Abeid ndiye amenifundisha kusoma saa. Mimi nimuue kwa nini?"

Bwana Emmanueli akageuka upande wangu.

"Ndugu Rozalia. Wewe una elimu, hutaongeza wala kupunguza. Asubuhi ile ulikiona kisu kwenye swichi?"

Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pengine pote.

"Nilikiona."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro."

"Kikiwa kinaning'inia?"

"Kikiwa kinaning'inia."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Minong'ono ikaenea karakana nzima. Kasiani aliniangalia. Nilingoja anitukane, anipigie kelele, aseme, "Dada, unanimaliza." Laiti angesema. Yeye alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Dada Rozalia amekiona," akasema polepole. "Yeye amesoma. Basi labda mimi... labda macho yangu. Labda mimi sikuangalia vizuri."

Mnaelewa nilichofanya? Nilimfanya mtu mkweli asiyaamini macho yake.

Bwana Emmanueli aliandika muda mrefu, kisha akafunga daftari. "Ndugu Kasiani, una hadi Jumatatu saa mbili. Lete kisu, au mtaje aliye nacho. Usipoweza, suala hili linakwenda wilayani, na huko mimi sina sauti."

* * *

Jumapili nilikwenda misa, lakini sikupokea komunyo. Mlangoni mwa kanisa mkono ukanishika. Alikuwa Anna, mke wa Kasiani, tumbo limemtangulia.

"Asante, dada."

"Kwa lipi?"

"Kasiani ameniambia kikao chote. Amesema watu wote wamecheka, wewe peke yako hukucheka."

Nilimwambia nina haraka. Hilo ndilo lililotoka katika kinywa changu hodari: nina haraka.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikatumbukiza mkono katika gunia la unga, nikakitoa kisu, nikakipangusa, nikakitia katika mkoba chini ya machungwa manne. Nikaapa: leo nasema. Nitaanza kwa Fundi mwenyewe.

Saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, nilisimama mbele ya kitanda chake. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Bi Tabu alikaa kwenye mkeka sakafuni, akimpepea.

"Mngoni!" Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Umekuja kuteka au kuzika?"

"Nimeleta machungwa."

"Tabu, umesikia? Mngoni analeta! Kiama kimekaribia."

"Karibu, mwanangu," Bi Tabu akasema, akanisogezea mkeka. "Usimsikilize. Tangu jana anakuulizia wewe tu."

Nilifungua mdomo. "Fundi, nina jambo."

"Langu kwanza, mimi mgonjwa. Una kalamu?"

"Nina penseli."

"Na karatasi? Vizuri. Mkono wangu huu hauandiki tena, na wewe una mwandiko wa masista. Andika barua kwa Bwana Emmanueli. Amesema atapita leo kuniuliza habari za Jumatano. Andika: Mimi, Abeid bin Issa, fundi umeme, nakiri kwamba siku ya Jumatano sikukitundika kisu changu kwenye swichi. Nilisahau."

Penseli ilisimama.

"Fundi, ulikitundika."

"Nilikitundika. Nakumbuka hata kamba ilivyojisokota."

"Sasa kwa nini..."

"Kwa sababu Kasiani si mwongo. Kijana yule hawezi kudanganya hata bei ya dagaa. Akisema hakikuwepo, hakikuwepo. Nami nasema nilikitundika. Basi kati yangu na yeye kuna mtu wa tatu, na huyo mtu hajasema." Alifumba macho, akameza mate. "Tutamngojea mpaka lini, Mngoni? Jumatatu ni kesho."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Hadi leo sijui kama alikuwa amejua.

Bi Tabu akaacha kupepea. "Baba Fauzia, mimi hilo nimelikataa asubuhi na sasa nalikataa tena. Ukisema ulisahau, wataandika mzembe. Miaka ishirini na miwili! Kila kijana uliyemfundisha ataambiwa, 'Mwalimu wako alijichoma mwenyewe.' Utarudi nyumbani na mkono mbovu na jina bovu?"

"Mkono haurudi, Tabu. Kasiani bado hajapelekwa."

"Na jina lako?"

"Jina langu unalijua wewe. Inatosha. Andika, Mngoni."

Niliandika.

Nisomeni vizuri, maana hili nataka lisomwe. Mtu niliyemkata vidole alikuwa anajitia hatiani kwa kosa ambalo ni langu, na mimi nilikuwa namwandikia, kwa herufi za mviringo, nikiangalia nukta na mkato. Niliandika "Mimi, Abeid bin Issa." Niliandika "fundi umeme." Nilipofika "nilisahau" niliibana penseli kwa nguvu, na ncha ikakatika.

"Penseli imekatika," nikasema.

Bi Tabu alipekua kikapu chake. "Wembe sina. Nikamwombe muuguzi?"

Fundi akacheka, kicheko kikamuumiza. "Kisu changu kingekuwapo, kingeichonga. Kile kilichonga penseli ya kila mwanafunzi wangu."

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Ningeweza kuinuka nikaenda mwenyewe kwa muuguzi, nikarudi na wembe, nikamaliza ile herufi, na leo mngekuwa mnasoma hadithi ya mwanamke shujaa aliyepanda nguzo.

Niliingiza mkono chini ya machungwa. Nikakitoa kisu, nikakiweka juu ya shuka, kama alivyonifundisha.

Unga ulikuwa bado umeganda katika kamba ya kijani.

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Fundi Abeid alikitazama kisu, kisha akanitazama mimi, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Hasira ningeivumilia.

"Utani?" akauliza.

"Utani, Fundi."

"Kisa cha lile bakuli?"

"Ndiyo."

"Ulitaka nazi ngapi?"

"Kumi."

"Kumi ni nyingi," akasema. Mdomo wake ukajaribu kutabasamu, ukashindwa. Akageuza kichwa kwenye mto. "Kumi ni nyingi, Mngoni. Ningekupa sita."

Nilipiga magoti. "Fundi, nisamehe. Nilisema nitasimama pale, nilisimama, kisha nikaitwa, nika..."

"Mtani hasamehewi. Mtani hakosi." Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea sikioni, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ndiyo sheria. Nikinuna, mwenye kosa ni mimi. Tabu, mwambie. Mwambie hakuna neno."

Bi Tabu aliinuka kutoka mkekani. Hakuwa na haraka. Alikiokota kisu, akaiangalia ile kamba aliyoisuka kwa mkono wake, akaukung'uta unga. Kisha akaufungua wembe, akaiokota penseli iliyokatika, akaanza kuichonga. Maganda yalianguka juu ya shuka nyeupe, moja moja, mpaka ncha ikawa ndefu na kali kama sindano.

"Yeye ni Myao," akasema. "Utani huo ni wao na wewe. Mimi mtu wa Mikindani, na Mngoni kwangu hana utani."

"Tabu..." Fundi akasema.

"Nyamaza, mume wangu. Umekwisha kusema yako."

Aliikunja ile barua ya Fundi, akaitia kifuani mwake chini ya kanga. Akanipa karatasi mpya. Akanipa penseli. Halafu akaukunja wembe, na badala ya kukiweka kisu kitandani, akakishika, akakinyoosha kuelekea kwangu, mkono wake mbele ya mkono wangu.

"Pokea."

"Bi Tabu, Fundi alisema kisu hakipokezwi..."

"Najua alichosema. Pokea."

Nikakipokea, mkono kwa mkono. Kilikuwa na joto la kiganja chake.

"Sasa andika, Rozalia," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina. Siku zote nilikuwa mwanangu. "Andika kama ulivyokuwa unaandika, kwa mwandiko uleule mzuri. Ila anza na jina lako."

Nikaweka karatasi juu ya goti. Nikaandika "Mimi," na mkato wake.

Ndipo nikasikia viatu vizito vikija ukumbini, na sauti ya Bwana Emmanueli ikimuuliza muuguzi kitanda cha Fundi Abeid ni kipi. Nyuma ya viatu vyake kulikuwa na hatua nyingine, nyepesi, za mtu aliyevaa kandambili. Bwana Emmanueli akasema naye kwa upole ambao sikuuzoea:

"Ingia tu, Ndugu Kasiani. Ukiri mbele yake mwenyewe kwamba kisu kilikuwepo na wewe hukuangalia vizuri, kama ulivyoniambia njiani. Ukishakiri utapata nafuu."